Maswali ya Wasomaji: Mtaro Huu ni wa Nani?

Vuli iko mlangoni, na barua za mwezi huu zinanuka tope. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Majina ya ofisi zilizolalamikiwa tumeyaondoa, maana safu hii ni ya kuelekeza njia, si ya kushtaki.

Mtaro wa nyuma ya nyumba zetu umejaa mchanga hadi juu. Mvua ya nusu saa tu, maji yako sebuleni. Ofisi ya maji wametuambia si kazi yao. Mwenyekiti anasema tuchange tuzibue wenyewe. Mtaro ni wa nani, na kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani?
*Wakazi, Tandale*

Hao wa maji hawakuwadanganya. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, wanashughulika na maji safi na majitaka, yaani yanayotoka chooni na bafuni. Maji ya mvua yana mwenyewe mwingine. Mtaro ulio kando ya barabara ya mtaa ni sehemu ya barabara hiyo, na barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi 2017 chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukiwa kando ya barabara kuu kama Morogoro, Mandela au Kilwa, ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mkiona ni mkondo wa mto hasa, kama Msimbazi au Kizinga, hapo kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na msichote mchanga bila kibali hata kama nia ni njema. Unaobaki ni ule mfereji wa uchochoroni uliochimbwa na wakazi miaka hiyo. Huo haumo kwenye daftari la yeyote, na ndio unaoumiza mitaa mingi, kwa sababu kila ofisi inaweza kuukana bila kusema uongo. Wenu, kwa maelezo mliyotoa, unaelekea kuwa wa aina hiyo mpaka unapoingia kwenye mtaro wa barabara. Kwa hiyo kuna vipande viwili: cha juu ni chenu, cha chini kinaandikiwa barua.

Sasa kazi. Mmesema urefu ni mita 80, upana sentimita 60, na mchanga umefika nusu mita. Zidisheni: mita za ujazo 24. Mchanga uliolowa hufika tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, hivyo mna tani zaidi ya 40 za kutoa. Tipa ya tani 7 itakwenda trip sita au saba. Kijana mmoja mwenye chepe na toroli, kwenye uchochoro, akitoa mita mbili za ujazo kwa siku amefanya kazi ya kweli. Basi ni watu sita kwa siku mbili, mkilipa vibarua au mkiitana msaragambo. Asiyepiga hesabu hii huita watu Jumamosi asubuhi, saa sita mchana wote wamechoka, mtaro umesafishwa mita 20 za juu, na picha zimeshapigwa.

Hizo mita 20 za juu ndizo kosa lenyewe. Anzeni chini, pale maji yanapotokea, mpande nao. Mkianza juu mnayapa maji kasi ya kwenda kugonga mchanga ulioziba mbele, na nyumba za chini ndizo zitakazoogelea. Pili, mchanga usilale kandoni hata usiku mmoja mkiona wingu. Mvua ya kwanza inaurudisha wote, pamoja na pampasi na chupa zake. Mafundi wa ujenzi huununua au kuubeba bure ukiwa hauna taka nyingi, kwa hiyo tenganisheni mapema: taka kwenye viroba, mchanga peke yake.

Tatu, pimeni mteremko kabla ya kumruhusu yeyote kusakafia. Fundi mwashi ana mpira wa levo. Utieni maji, apime mwanzo na mwisho. Mtaro unahitaji kushuka angalau sentimita 5 kwa kila mita 10, yaani sentimita 40 kwa mita zenu 80. Ukishuka pungufu ya hapo mchanga utatua tena, hata mjenge kwa mawe ya bei gani.

Halafu tazameni mageti. Mmeandika kwamba jirani mmoja ameweka bomba la inchi 6 chini ya njia yake ya gari, akamwaga zege juu. Hebu tuangalie tundu hilo. Mtaro wenu una nafasi ya sentimita za mraba 3,000. Bomba la inchi 6 lina kama 180. Mmechukua maji ya mtaa mzima mkayapitisha kwenye moja ya kumi na saba ya njia yake. Hata likiwa safi kabisa litafurika, na safi haliwi, kwa sababu mfuko mmoja unatosha kulifunga. Kalvati ya milimita 600 ndiyo inayokaribia ukubwa wa mtaro wenyewe. Kwa geti la gari dogo, bora zaidi ni slabu za zege za kunyanyua: urefu sentimita 80, upana 40, unene 10, zikiwa na nondo ndani na vishikio viwili. Moja ina uzito wa kilo 75 hivi. Watu wawili wanaiinua, wanasafisha, wanairudisha. Lori la mchanga lisipite juu yake. Na kama geti linatokea kwenye barabara ya TARURA, kivuko hicho kinaombewa ruhusa kwao kabla ya kumwaga zege.

Shikamoo mhariri. Tumepeleka malalamiko ya barabara mara nne, kwa mdomo na kwa simu. Kila mara tunaambiwa "tumelipokea". Mwaka wa tatu huu.
*Mstaafu, Tabata*

Marahaba. Mzee wetu, "tumelipokea" ya mdomo haina muhuri. Andika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili. Moja unaiacha, nyingine unarudi nayo ikiwa na muhuri wa mapokezi, tarehe na jina la aliyeipokea. Anwani iwe kwa Meneja wa TARURA wa wilaya yako, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Diwani. Ipitie kwa Mtendaji wa Mtaa, kwa sababu barua isiyo na alama yake hurudishwa ikatafute alama yake.

Ndani usiandike "barabara yetu ni mbovu sana". Hakuna fundi anayeweza kukadiria hilo. Andika jina la barabara kama lilivyo kwenye kibao kilichowekwa wakati wa operesheni ya anwani za makazi ya 2022, namba ya nyumba ilipoanza shida na ilipoishia, urefu kwa mita, kina cha shimo kubwa, na maji yanatuama siku ngapi baada ya mvua. Picha tatu zinatosha: moja ya mbali, moja ya karibu kukiwa na kitu cha kupimia ndani ya shimo (ndoo ya lita 20 kila mtu anaijua), na moja ya wakati wa mvua.

Lakini muhuri peke yake hautoi lami. Wakati ndio unaotoa. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Halmashauri huandaa bajeti miezi mingi kabla, na Baraza la Madiwani huipitisha mwanzoni mwa mwaka wa kalenda ili iende juu. Ombi linaloingia Aprili limelikuta basi limeshaondoka. Litasubiri Julai ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mkutano wa mtaa wa kupanga vipaumbele ufanyike Septemba au Oktoba, muhtasari uende kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Humo Diwani ndiye mwenyekiti, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe, na Mtendaji wa Kata ni katibu. Mtaa unaokwenda na vipaumbele kumi na viwili hutoka na sifuri. Nendeni na viwili.

Kuhusu hela, tangu 2021 kuna shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa kwa ajili ya barabara za TARURA. Ni haki yako kuuliza zimefanya nini kwenye kata yako. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia jibu ndani ya siku 30. Itaje sheria hiyo kwa jina kwenye mstari wa kwanza wa barua. Tumeona hilo linabadilisha sauti ya majibu kuliko kutaja jina la mkubwa fulani.

Mtaani kwetu tunadaiwa 3,000 kila mwezi ya ulinzi shirikishi. Asiyelipa ananyimwa barua ya utambulisho. Walinzi wenyewe tunawaona siku za kukusanya tu. Ni lazima?
*Mama Lishe, Mbagala*

Mama, hapa kuna mambo mawili yamefungwa kwenye kanga moja. Ulinzi wa mtaa ni jambo jema na polisi wanautambua. Barua ya utambulisho ni huduma ya ofisi ya umma. Kumnyima mtu barua ya kufungulia akaunti au kumdhamini mtoto kwa sababu ya mchango ni kutumia huduma ya umma kama rungu la kudaia deni. Anayefanyiwa hivyo amwone Mtendaji wa Mtaa, ambaye ndiye mtumishi wa halmashauri. Mwenyekiti ni wa kuchaguliwa. Likishindikana hapo, Mtendaji wa Kata. Likinuka rushwa, TAKUKURU namba yao ni 113, bure.

Mchango wenyewe uhalali wake unatoka kwenye mkutano wa wakazi. Ombeni kuona muhtasari: tarehe, waliohudhuria, kiasi kilichokubaliwa, muda gani. Kama muhtasari haupo, kuna mtu alijipangia bei. Kila malipo yawe na risiti yenye namba, na matumizi yabandikwe ubaoni kila mwezi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mtaa wa kaya 150, mchango 3,000, kwenye karatasi ni 450,000. Usipange kwa hiyo. Panga kwa theluthi mbili, kaya 100, yaani 300,000, kwa sababu kuna wasiokuwepo, wasioweza na wasiotaka. Ukiweka walinzi wanne kwa 60,000, imebaki 60,000 ya betri, makoti ya kung'aa na daftari. Ila mtu hatakesha mwezi mzima kwa 60,000. Atalala, au atatafuta cha kujazia. Walinzi watatu kwa 80,000 ni hela ileile, na wanakuja. Wawili wanatembea pamoja, mmoja anakaa sehemu inayojulikana, wanabadilishana.

Kuhusu saa, mitaa mingi huwaweka saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, muda ambao waungwana wote wamelala na milango imefungwa. Uporaji wa simu na mikoba unatokea pembezoni mwa usiku: saa kumi hadi kumi na mbili asubuhi watu wakienda kituoni kuwahi daladala, na saa moja hadi saa nne usiku wakirudi. Wekeni macho njia ya kituoni saa hizo, hata kama katikati ya usiku patakuwa na mtu mmoja tu.

Kabla ya kumpa mtu filimbi: picha, namba ya NIDA, wadhamini wawili wanaoishi mtaani, na orodha ipelekwe kwa mkaguzi wa polisi wa kata. Mlinzi asiyejulikana polisi ni mtu tu anayezurura usiku na rungu.

Na hili mlisome kwenye mkutano kwa sauti. Raia anaweza kumkamata anayemwona akitenda kosa, lakini anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kwenye nguzo mpaka asubuhi, kumvua nguo, kumpiga, hayo ni makosa mapya, na atakayesimama mahakamani ni mlinzi wenu, si kibaka. Tangu vurugu za panya road, yale magenge ya vijana, hasira mitaani ni nyingi na tunaielewa. Lakini kesi nyingi hufa kwa sababu mtuhumiwa amefika kituoni akiwa majeruhi bila maelezo yoyote ya maandishi. Mlinzi aandike: saa, mahali, alichokiona, kilichokutwa, mashahidi wawili. Aliyeibiwa aende mwenyewe kituoni achukue RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi. Bila RB hakuna tukio. Dharura ni 112.

Mpangaji ana sauti kwenye mkutano wa mtaa? Mwenye nyumba wangu anasema wenye mali ndio wanaoongea.
*Dada, Sinza*

Unayo. Mkutano ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hakikisha jina lako limo kwenye daftari la wakazi, nenda, keti mbele.

Tunataka taa uchochoroni kwetu. TANESCO tumeomba, tunaambiwa taa si zao. Taa za sola tulizonunua zimekufa ndani ya mwaka.
*Kamati ya vijana, Buguruni*

TANESCO wanauza umeme. Taa za barabarani ni za mwenye barabara. Kwenye uchochoro ambao hauna mwenye barabara, mtafunga zenu, na wala si ghali mkifanya kwa akili.

Sola za bei nafuu zinakufa kwa sababu tatu zinazofuatana. Paneli inajaa vumbi na hakuna anayepanda kuifuta, betri inalala nusu tupu kila usiku, mwisho haishiki chaji tena. Kwenye uchochoro wenye paa pande zote mbili jua lenyewe halifiki vya kutosha. Kama kuna nyumba zenye umeme, acheni sola.

Taa ya LED ya wati 20, ile ya kufungwa ukutani yenye alama ya IP65 (haiingizi vumbi wala maji ya mvua), ikiwaka saa 12 inatumia uniti 0.24. Kwa siku 30 ni uniti 7.2. Mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, analipa kama shilingi 356 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Taa hiyo inamgharimu takriban 2,560 kwa mwezi. Mteja wa D1, daraja la matumizi madogo, analipa kama 122, hivyo ni chini ya 900. Lakini hapa kuna mtego: D1 ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Bibi anayetumia uniti 70 mkimwekea taa mbili mmempandisha daraja, na mwezi ujao atazing'oa kwa hasira, naye atakuwa na haki. Fungeni kwa wenye T1, na kaya zinazofaidika zichangie hiyo 2,560.

Urefu wa kufunga ni mita 4. Chini ya hapo zinavunjwa kwa jiwe au zinawaka machoni mwa watu. Juu zaidi mwanga unapotea. Taa na taa ziachane kama mita 15, upande huu na upande ule kwa kupokezana. Uchochoro wa mita 150 unataka taa kumi. Weka kihisi cha mwanga (sensor) kwenye kila taa, maana swichi ya mkono itasahauliwa: au itawaka mchana kutwa, au haitawaka siku ile yenyewe. Waya upite ndani ya bomba, fundi awe na leseni, na msifunge chochote kwenye nguzo ya TANESCO.

Kona kwanza. Ukiwa na taa tatu tu, zote ziende kwenye kona na penye ukuta mrefu usio na dirisha. Mbele ya duka pana mwanga tayari.

Gari la taka linakuja mara moja kwa wiki mbili, hela wanachukua kila mwezi.
*Wasomaji watatu, Yombo na Kigogo*

Ada ya taka iko kwenye sheria ndogo za halmashauri. Ulizeni kiwango kilichoandikwa, na lipeni kwa risiti ya mashine au kontroo namba tu. Mkandarasi ana mkataba unaotaja mara ngapi apite. Andikeni tarehe za kuja kwake kwa miezi miwili kwenye karatasi moja, Mtendaji wa Mtaa aisaini, ipelekwe kwa afisa afya wa kata. Karatasi hiyo ndiyo inayomkata malipo, kelele hazimkati.

Jueni pia kwamba taka za jiji lote zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Lori kutoka Kigogo linakula nusu siku kwenye foleni kwenda na kurudi, na mvua ikinyesha linachelewa zaidi. Kaya ya watu watano inatoa kama kilo 20 kwa wiki, na zaidi ya nusu ni za jikoni: maganda, ukoko, mabaki ya mboga. Hizo ndizo zinazonuka. Zikitengwa kwenye ndoo yenye mfuniko, zilizobaki zinaweza kusubiri siku kumi bila kuleta funza. Mwenye kuku au bustani atazichukua mwenyewe.

Mvua ikianza jirani anatapisha choo. Kinyesi kinapita mbele ya mlango wangu na watoto wanacheza humo. Nimemwambia kwa upole, amenitukana.
*Mama, Vingunguti*

Usirudi kumwambia. Piga picha mvua ikinyesha, andika saa, nenda kwa afisa afya wa kata siku hiyo hiyo. Kutapisha choo ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na afisa afya ana mamlaka ya kumwandikia ilani na kumfikisha mahakamani. Baraza la wazee na usuluhishi vinafaa kwa mambo ya mpaka na kelele, si kwa kipindupindu. Wakati huohuo maji ya kunywa yachemshwe, na kisima kilicho chini ya mita 30 kutoka kwenye shimo hilo kisitumike kwa kunywa.

Watu wengi wanatapisha kwa sababu gari la kunyonya halifiki kwao, au trip moja inawashinda. Nyumba tatu nne zikiagiza kwa siku moja bei hushuka. Penye uchochoro mwembamba zipo pampu ndogo za mkono zinazobebwa kwa guta. Msisitizo wetu mmoja: mwenye gari au guta aonyeshe anakokwenda kumwaga. Mabwawa ya majitaka yapo, mojawapo hapo hapo Vingunguti. Anayemwaga mtoni usiku amekihamishia tu kinyesi mlango wa mwingine.

Jirani amejenga ukuta, njia imebaki upana wa mtu mmoja. Ilikuwa inapita bajaji. Serikali ya mtaa wanasema alipewa ruhusa.
*Mkazi, Kimara*

Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kutoa kibali cha ujenzi. Kibali kinatoka halmashauri. Omba kuona karatasi. Kisha nenda kwa afisa mipangomiji wa halmashauri na namba ya kiwanja au anwani ya nyumba, uulize kama eneo lina mchoro wa mipangomiji na kama njia hiyo imo. Ikiwemo, si yako wala yake. Ni ya umma, na ilani ya kubomoa inatoka huko.

Kama eneo halijapimwa, ni mgogoro wa majirani. Anzia Baraza la Kata, lakini ujue tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, haliamui. Mkishindwa hapo, mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mashahidi wa matumizi ya miaka mingi ndio nguvu yako: waliopitisha jeneza hapo, mwenye bajaji, muuza maji. Chukua picha sasa, zege halijakauka. Muda ukipita unasomeka kama kukubali.

Kwenye maelezo yako taja gari la zimamoto. Linahitaji kama mita 3.5. Land Cruiser ya wagonjwa ina karibu mita 2. Kwa njia ya mtu mmoja, ukipiga 114, askari watafika na watasimama barabarani, wakiivuta mipira kwa mkono juu ya paa za watu.

Tumefunga kamera getini. Tukimkamata mwizi kwenye picha, tumrushe kwenye magrupu ya WhatsApp?
*Wakazi, Kijitonyama*

Peleka polisi pamoja na RB. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inahusu picha za watu pia, na mkimrusha asiye mwizi mna kesi. Elekezeni kamera kwenye geti lenu na njia, isichungulie dirisha la jirani. Bandikeni kibao kwamba kuna kamera. Wekeni saa ya kamera sawasawa: picha nzuri yenye saa ya kupotea masaa matatu wakili ataicheka. Hifadhini siku 14 hadi 30, na mtu mmoja tu awe na nywila. Kamera ikae mita 2.5 hadi 3 kutoka chini. Ikiwa juu zaidi mtaona kofia za watu.

Tumejenga tuta la saruji mbele ya shule, bodaboda wanatuulia watoto. Sasa tunaambiwa tulibomoe.
*Kamati ya wazazi, Gongo la Mboto*

Libomoeni, samahani. Tuta la kienyeji ni jembamba na la ghafla: baiskeli ya mwenye ulemavu inagonga, mjamzito kwenye bajaji anaumia, na bodaboda anapita kwenye upenyo wa pembeni, pale pale watoto wanapotembea. La kitaalamu halizidi kimo cha sentimita 10, lina upana wa mita 3 hadi 4, limepakwa rangi, lina kibao mita kadhaa kabla, na linafika hadi ukingo wa barabara pande zote mbili bila kuziba mtaro. Omba TARURA kwa barua yenye sahihi ya mwalimu mkuu, idadi ya wanafunzi wanaovuka na saa wanazovuka. Barua ya shule huwa inasomwa mapema kuliko ya wakazi.

Wakati mnasubiri, wazazi wawili wenye makoti ya kung'aa na kibendera, saa moja asubuhi na saa nane mchana, siku tano za wiki. Mkubaliane kwanza na askari wa usalama barabarani wa eneo lenu awaonyeshe namna ya kusimamisha gari, kwa sababu asiyejua husimama katikati ya barabara akiwa amewapa magari mgongo.